Mume Wangu Ananipa Namba Kila Nikiomba

Shangazi mshauri mpendwa, naomba msaada wako kabla sijamrushia mtu mkasi, na mtu mwenyewe ni mume wangu, huyo mpole ambaye mtaa mzima unamsifia huku mimi ndiye ninayekoma naye humu ndani.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule hapahapa nyumbani, chumba cha mbele ndicho karakana yangu, na mume wangu ni fundi wa mafriji, anazunguka majumbani mwa watu. Mtoto bado hatujajaliwa, tunaishi na mama yake mzazi, na maisha yetu si mabaya hata kidogo, sidaiwi na mtu, sijauza kitu cha ndani, nalisema hilo mapema kwa sababu najua ukisikia neno kamari utadhani nimeshaweka rehani mpaka sufuria. Shida yangu si hiyo. Shida yangu ni mume asiyejua kusema hapana.

Nacheza ile michezo ya kwenye simu ya picha zinazozunguka, matunda, kengele na almasi, unagusa zinazunguka, zikifanana umepata, zisipofanana unagusa tena. Nilianza mwaka juzi msimu wa kufungua shule, wakati nina oda za shule tatu na mikono miwili, na nitakwambia ukweli kwamba hata siku nilizoshinda sizikumbuki, ninachokitafuta mimi ni ule ukimya, maana nikigusa ile simu kichwa kinanyamaza, siwazi marinda ya nani hayajapigwa pasi wala mwalimu mkuu gani amepiga simu mara ngapi, mkono mmoja unaongoza kitambaa na mwingine unagusa simu iliyoegemea kopo la nyuzi. Ikafika mahali nikashona mfuko wa shati juu ya mfuko mwingine, nikamkabidhi mzazi suruali yenye miguu miwili ya kushoto, akairudisha akiwa amekasirika, na alikuwa na haki.

Nikasema basi, lazima nijidhibiti. Na hapa naomba unielewe vizuri, shangazi, mimi si mtu wa kukaa nikasubiri malaika ashuke. Ndani ya programu ile kuna sehemu imeandikwa Cheza kwa Kiasi, watu wengi hawaifungui kabisa, mimi niliifungua na nikaisoma yote, mstari kwa mstari. Nikaweka kikomo cha fedha ninazoweza kuingiza kwa wiki, nikaweka kikomo cha saa za kucheza kwa siku, nikajipa mapumziko ya siku saba mara mbili na yote mawili niliyamaliza bila kugusa. Sasa, kikomo chako ukitaka kukishusha kinashuka palepale, lakini ukitaka kukipandisha lazima usubiri siku nzima, halafu wanatuma namba ya uthibitisho kwenye laini uliyoandikisha, na usipoiingiza hiyo namba kikomo hakipandi. Nikaona namba ikija kwenye laini yangu mwenyewe nitakuwa najitania, kwa hiyo nikaandikisha laini ya mume wangu. Nikamkalisha kitako nikamwambia, wewe ndiye mlinzi wangu, nikikuomba namba usinipe, hata nikilia, hata nikinuna, hata nikikutishia kurudi kwetu. Akanishika mkono akaahidi.

Shangazi, amenipa mara tisa.

Mara ya kwanza nilimpigia akiwa kazini, kichwa kiko ndani ya friji la mteja, nikamwambia naomba ile namba nimalizie wiki hii tu, akaniuliza nina hakika, nikasema nina hakika, akanisomea. Basi, hivyo tu, kama vile nimemuuliza saa ngapi. Mara ya nne nilinuna siku mbili, siku ya tatu naamka nakuta kikaratasi chini ya kikombe changu cha chai, kimeandikwa namba sita, kwa mwandiko wake ule wa kuinama. Mara ya saba hata mdomo sikufungua, aliona meseji imeingia, akanitumia mwenyewe akisema eti nisihangaike. Nikamlipukia. Nikamwambia, "Nilikwambia usinipe hata nikilia." Akanijibu taratibu kama kawaida yake, "Ulipoomba nilijua umebadilisha mawazo. Wewe ni mtu mzima, nitakunyimaje?" Sasa huyu ni mlinzi au ni mhudumu wa hoteli? Ngazi yetu iko kwa jirani mwaka wa pili kwa sababu anaona haya kuidai. Wateja wanamlipa wanapojisikia. Mtu akimkanyaga, yeye ndiye anayeomba radhi.

Nilipoona mume hasaidii nikaongeza kidhibiti kingine, kengele ya kukumbusha muda, yaani kila ukicheza nusu saa programu inapiga mlio na kukuuliza unaendelea au unaacha. Hapa kuna jambo liliingiliana na hilo, nalieleza kwa kifupi tu kwa sababu silo ninaloulizia.

Mama mkwe wangu ana presha, anameza kidonge kimoja saa moja asubuhi na kimoja saa moja jioni, na kwa kuwa macho yake hayaoni tena mishale ya saa, mimi ndiye niliyemwekea mlio kwenye simu yangu, nikamwambia mama, ukiusikia huu, meza. Ni mama msikivu, hana shida na mtu, alikuwa mpishi wa shule ya bweni kwa miaka thelathini, alikuwa akitupia macho meza anajua sahani ngapi zimepungua, na tangu aje kwetu ananisaidia kushona vifungo kwa mkono, chumba cha pili, mlango wazi, tunaongea huku kila mtu na kazi yake. Sasa ile programu iliponiuliza nataka kengele ya mlio gani nikachagua uleule wa dawa, kwa sababu ndio mlio pekee unaopenya kelele za cherehani, sikufikiria zaidi ya hapo. Siku ya kwanza ya kengele, saa nane na nusu mchana ikalia, mama akaniita kutoka chumbani kwake akauliza kama ni dawa tena, nikajibu ndiyo. Sikuinua uso, picha zilikuwa zinazunguka. Ikalia saa tisa, ikalia saa tisa na nusu, kila mara nikabonyeza Endelea. Kabla ya saa kumi nikasikia kishindo, nikakimbia, nikamkuta mama kalala mlangoni pa bafu, paji la uso limepasuka, baridi kama maji ya mtungi.

Amepona, ashukuriwe Mungu. Alilazwa siku mbili, daktari akahesabu vidonge akaona vitatu vimezidi, akasema kidogo tu tungekuwa tunaongea mengine. Pale wodini alikuwepo na wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, mwanamke mwenye mdomo mkali ambaye tangu ndoa yetu ananipima kama nguo ya kukodi. Mama akasema, "Nilikuuliza, mwanangu, ukasema ndiyo." Wifi akanigeukia, na mume wangu akanigeukia, na nesi naye akasimama kusikiliza. Nikasema, "Hapana mama, hukuniuliza." Mama akanitazama, halafu akatazama shuka, akasema basi labda aliota.

Tangu hapo wameshikilia kwamba akili ya mama inaanza kwenda. Wifi amesema atamchukua, anakaa mji mwingine mbali, kuna daktari wa wazee na vidonge vitafungiwa kabatini, na Jumapili hii ndugu wanakutana hapa kwetu kuamua. Mama mwenyewe anahesabu vifungo vya shati moja mara tatu, halafu ananiletea nimhesabie. Juzi ameniuliza leo ni siku gani, nikamwambia, akasema alijua lakini alitaka kuhakikisha. Kengele nimeshaizima, kwa hiyo hilo haliwezi kutokea tena, na mambo ya mama yao ni ya kwao, sitaki kujiingiza.

Ninachouliza mimi ni kuhusu mume wangu. Jumanne hii nimemwomba namba, na amenipa tena, ndiyo hiyo ya tisa, mama yake ana plasta usoni na yeye ananisomea namba kama hakuna kilichotokea. Nimechoka naye. Nimfanye nini huyu mwanamume awe mkali japo kidogo? Nijibu upesi, na ukiweza usinitaje kazi yangu maana wateja wangu wanasoma gazeti hili.

Mimi, Niliyechoshwa na Mpole.

*

Niliyechoshwa,

Kazi yako nimeiacha kama ulivyoiandika, kwa sababu wenye suruali za miguu miwili ya kushoto wanajijua, na mimi sina muda wa kukufichia marinda. Barua yako imenifikia Alhamisi asubuhi. Nimeisoma mara ya kwanza nimekaa, mara ya pili nimesimama, kisha nikamwambia mhariri aziondoe barua nyingine zote za leo, pamoja na ya yule bwana wa kuku ambaye ananisubiri tangu mwezi uliopita, aniwie radhi.

Nianze na hilo unaloliulizia, tulimalize, maana ni dogo.

Unataka mume mkali. Nyumba yako ina watu watatu, mtaa wako una watu mia, ukoo wa mumeo una wifi mwenye mdomo unaokata chuma, na katika wote hao ukamchagua kuwa mlinzi wako mtu ambaye ngazi yake mwenyewe hawezi kuidai. Usiniambie hukujua. Uliishi naye miaka yote hiyo, ulijua huyo akiombwa shati analivua na kuuliza kama suruali nayo inatakiwa. Ulimkabidhi ufunguo mtu pekee duniani ambaye ungeupata kwake bila jasho, ukajiita mwenye nidhamu, halafu kila unapoupata unamfokea yeye. Mara tisa. Maskini ya Mungu yule hata hajui ni kosa gani analolipishwa, akikupa ananuniwa, akichelewa kukupa ananuniwa. Mimi ningekuwa yeye ningehamia ndani ya friji.

Mumeo hana kosa kubwa. Ana kosa moja, kwamba ahadi aliyokupa siku ya kwanza ilikuwa na uzito kuliko maombi yako ya siku za baadaye, na hakulielewa hilo. Wapo wengi wa hivyo. Mtu akikuomba umzuie, kumzuia ndiko kumheshimu. Atalijua hilo akiambiwa vizuri, na si kwa kurushiwa mkasi.

Sasa kwenye vidhibiti vyako. Sitaki msomaji yeyote amalize barua yako akidhani vitu hivyo havina maana. Vina maana sana. Nimepata barua za watu ambao kikomo cha wiki peke yake kimewarudisha kwenye mstari, walikiweka, wakakiacha, wakaendelea na maisha yao. Ile siku nzima ya kusubiri kabla kikomo hakijapanda imewekwa kwa ajili ya mtu mwenye pupa, ili kesho yake akili ikirudi aone aibu na kuacha. Wewe kesho yake ulikuwa unaamka na pupa ileile, unanyoosha mkono chini ya kikombe. Umevipanga vidhibiti mlangoni kama viatu, kisha unaviruka.

Na nina swali. Umesema sehemu ile uliisoma yote, mstari kwa mstari. Mimi siichezi michezo hiyo lakini Alhamisi hiyohiyo nilimwomba kijana wa kompyuta hapa ofisini anifungulie moja niisome. Chini ya kikomo cha fedha, chini ya kikomo cha muda, chini ya mapumziko ya siku na ya wiki, kuna mstari wa mwisho unaosema unaweza kujifungia kabisa, miezi sita, mwaka, miaka mitano, na kwamba ukishajifungia hufunguliwi kabla ya muda, uombe, ulie, upige magoti. Hakuna namba, hakuna meseji, hakuna mume. Mstari huo hukuutaja popote kwenye barua yako ndefu. Uliona vyote vinavyofunguka, ukavitumia vyote. Kile kisichofunguka ukakiruka. Huo nao ni usomaji, lakini usijisifu nao kwangu.

Ukimya unaoutafuta naufahamu, na hapo sikucheki. Mwanamke mwenye oda tatu na mikono miwili akisema anataka kichwa kinyamaze, najua anachosema. Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye safu hii na nusu ya barua zangu zinatoka kwa watu wanaotaka tu kichwa kinyamaze, mmoja kwa chupa, mwingine kwa mume wa mtu. Una haki ya kuchoka. Ungesema tangu mwanzo kazi imekuzidi, tungekaa tukaongea kuhusu kupunguza shule moja au kuajiri mkono wa tatu, na tungeongea kwa upole.

Lakini umeniandikia ukurasa mzima wa mumeo, na katikati yake ukanichomekea mama wa watu, ukasema silo unaloulizia. Ndilo ninalojibu.

Hebu nikusomee barua yako mwenyewe, maana naona wewe uliiandika huku macho yako yako kwingine. Mwanamke mzee alisikia mlio uliomfundisha wewe. Hakukurupuka. Aliona si saa yake, akauliza. Mtu ambaye akili yake imekwenda haulizi, anameza tu. Yeye aliuliza, na wewe ukamjibu ndiyo. Vidonge viwili vilivyofuata alivimeza kwa sababu ulikuwa umeshamjibu. Siku ile ndani ya nyumba yako mtu mwenye akili timamu alikuwa mmoja, na ndiye aliyepelekwa hospitali.

Ile ndiyo ya kwanza naweza kuielewa. Ni uzembe, uzembe mkubwa wa kuua, lakini mdomo wa mtu aliyezama kwenye jambo hujibu wenyewe, na karibu kila mwenye simu amewahi kumjibu mtu ndiyo bila kumsikia. Ungesema hivyo pale wodini, wifi angekutoa roho kwa maneno, mngelia wote, na leo ingekuwa imebaki hadithi ya kujutia. Ile hapana ndiyo siielewi. Hapo hakukuwa na picha zinazozunguka. Ulikuwa umesimama, umemwona, umemsikia, ukamtazama mama mwenye bandeji kichwani ukamwambia hakuuliza. Umemnyang'anya kumbukumbu yake ili usifokewe na wifi. Ndiyo maana hakukubishia, fundi. Alikuwa na mambo mawili mbele yake, aamini kichwa chake au akuamini wewe. Akakuamini wewe. Unaona alivyokupenda huyo mama?

Halafu unaniambia mambo ya mama yao ni ya kwao.

Mtu aliyelisha shule nzima ya bweni kwa miaka thelathini sasa anakuletea shati moja umhesabie vifungo, nawe unamhesabia. Unampokea shati, unahesabu, unamrudishia, unarudi kwenye simu yako. Sijui unapata wapi uso. Na Jumapili watamhamisha kutoka kwenye nyumba aliyoizoea, watampeleka kwa daktari wa wazee, na daktari ataambiwa mama amemeza dawa mara tatu bila kujijua, naye ataandika ugonjwa usiokuwepo na kumpa vidonge vya ugonjwa huo. Umelifikiria hilo? Umeizima kengele ukadhani umelimaliza. Kengele haikuwa na kosa. Ilifanya kazi yake sawasawa, ililia mara tatu ikikuuliza unaendelea au unaacha, ukajibu mwenyewe.

Nitakwambia na kwa nini unamtaka mumeo awe mkali, kwa sababu sidhani kama umelijua. Unataka mtu akufokee. Tangu wodini unasubiri kufokewa na hakuna anayekufokea, mumeo anakusomea namba, mama anakuletea shati, na upole wao unakuchoma kuliko kofi. Unamkasirikia mpole kwa sababu mpole hajui. Hata akinunua bakora leo haitakusaidia, atakuwa anakufokea kwa namba ilhali wewe unaungua kwa jambo lingine. Njia ya mwongo ni fupi, na wewe umeshafika mwisho wake, umesimama hapo unaniuliza mimi habari za mume.

Haya, sikiliza ya kufanya, na hili si ombi.

Simu yako. Fungua ile sehemu unayoijua sana, shuka mpaka mstari wa mwisho, ujifungie kwa muda mrefu kuliko yote wanayoruhusu. Si mapumziko, si kikomo. Ukiwa na akaunti kwenye kampuni nyingine, na nina hakika unayo hata kama hukuniandikia, nako ufanye hivyohivyo, na uipigie simu mamlaka inayosimamia michezo hii uulize kama ina orodha moja ya kujifungia kote kwa pamoja. Kisha ipo programu ya kuzuia ambayo ukiiweka kwenye simu, michezo ya namna hiyo haifunguki tena, na ina nywila yake. Nywila hiyo usiiweke wewe. Na usimpe mumeo, tumeshaona. Mpe wifi. Ndiyo, huyohuyo. Umetafuta mtu mkali nyumba nzima, kumbe mlikuwa mmesimama naye kando ya kitanda kimoja cha hospitali. Mwambie aiandike, aifiche, na akuonyeshe dunia siku utakayoiomba. Atafurahi sana, na furaha yake itakuwa na faida kwako kwa mara ya kwanza tangu uolewe. Tafuta pia kikundi au mshauri wa watu wanaoachana na kamari, hospitali alikolazwa mama watakuelekeza, na uende ukiwa bado una hasira na mimi, maana hasira ikipoa hutakwenda.

Dawa za mama zitoke kwenye simu yako. Saa ya mezani yenye mlio wake, iwekwe chumbani kwake, ilie mara mbili kwa siku na isiwe na kazi nyingine.

Lakini hayo yote ni ya baadaye. La kwanza ni mama, na si mbele ya watu. Usianze na mumeo ili akusaidie kulisema, atalisema yeye kwa upole na utakuwa umemtumia tena. Usisubiri mkutano, mzee hapaswi kujua habari za kichwa chake mbele ya baraza. Nenda peke yako, kaa chini, na usianze na kujieleza, usianze na oda wala uchovu wala kengele, maana nakujua sasa, utaanza na kengele na utamaliza na mumeo. Mwambie, "Mama, uliniuliza, na mimi nilisema ndiyo. Pale hospitali nilikudanganya." Ukishafika hapo nyamaza. Akilia, kaa. Akikufukuza, toka, kisha urudi. Akikusamehe papo hapo, na ninahofia atakusamehe papo hapo, usiuchukue msamaha huo kama ruhusa ya kutomwambia mtu mwingine. Kesho utarudia maneno hayohayo mbele ya mumeo, wifi na ndugu wote, na Jumatatu utamrudia daktari aliyehesabu vidonge umwambie ukweli, afute alichoandika. Baada ya hapo kama mama atataka kuhamia kwa binti yake, ahame. Ana sababu. Ila ataondoka akijua ni yeye aliyeamua, na kwamba kichwa alichoondoka nacho ni kizima.

Utaaibika. Wifi atakusema mpaka msimu ujao wa sare. Utaishi.

Leo ni Jumamosi, mkutano ni kesho, na mama yuko chumba cha pili, mlango uko wazi, anahesabu. Weka gazeti chini uende.